Karatasi ya kilio haigawi lupango

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, toka Katuba hadi Ruashi, mambo huenda hivi: marehemu amezikwa, siku ya kumaliza kilio wazee wanakaa, mmoja anaandika karatasi inayoitwa PV, yaani kumbukumbu za kikao, ya baraza la jamaa, wote wanatia sahihi, na jioni ile ile mjane anaambiwa nyumba imerudi kwa ukoo. Naomba nafasi niseme wazi: karatasi ile haimpi mtu yeyote lupango, yaani kiwanja na nyumba iliyo juu yake. Kazi yake ni kupendekeza msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo anangoja kuthibitishwa na mahakama. Kanuni ya Jamaa ya Kongo, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inampa kazi hiyo mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wenzake. Akikataa, warithi wanachagua mwingine. Imeandikwa mrithi. Haikuandikwa mzee mwenye sauti kubwa kilioni.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni la hesabu. Watu wanagawa kila kitu kana kwamba chote kilikuwa cha marehemu. Wanandoa ambao hawakuchagua utaratibu wa mali siku ya ndoa, sheria inawahesabu kuwa wanashirikiana mali yote waliyoipata ndani ya ndoa. Kwa hiyo nusu ya mali hiyo ni ya mjane kwa sababu ni yake, kabla hatujaanza kuzungumza urithi. Tuseme lupango walilonunua pamoja lina thamani ya dola 48,000. Dola 24,000 ni za mama, zinawekwa pembeni. Zinazobaki ndizo mirathi. Robo tatu, yaani 18,000, ni za watoto: wakiwa sita, kila mmoja 3,000, msichana sawa na mvulana, wa nje ya ndoa sawa na wa ndani mradi baba alimtambua kisheria akiwa hai. Robo ya mwisho, 6,000, inakatwa mara tatu: mjane 2,000, wazazi wa marehemu 2,000, ndugu zake wote kwa pamoja 2,000. Hao ndugu ndio baba wadogo na shangazi wanaokuja na kufuli mpya mlangoni. Fungu lao lote, wangekuwa hata kumi, ni hizo 2,000.

Zaidi ya hayo, aliyefiwa, mke au mume, ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, hata kama jina lake halimo kwenye hati.

Lakini haki hizo zinasimama juu ya ndoa inayothibitishika. Wengi wamelipa mahari, wamezaa, wamejenga, na hawajapita etasivili ya komini, ofisi inayoandikisha ndoa, hata siku moja. Mume akifa, mjane analazimika kutafuta hukumu ya mahakama badala ya cheti cha ndoa, na mashahidi wa mahari anaowahitaji ni wale wale shemeji wanaotaka nyumba. Andikisheni ndoa wote wawili mngali hai.

Nije kwenye wosia, maana wosia mzuri unaweza kufa kwa jambo dogo. Wosia wa nyumbani unaandikwa na mwenyewe kwa mkono wake, toka neno la kwanza hadi la mwisho, unatiwa tarehe kamili na sahihi. Baba anayelala hospitali akamsomea mtoto maneno ya kuandika, kisha akatia sahihi yake tu, ameacha mlango wazi wa kupingwa: mwandiko si wake. Asiyeweza kuandika aende kwa notere, ofisa anayethibitisha hati, au kwa ofisa wa etasivili, ambako wosia unapokelewa rasmi. Wosia wa mdomo upo pia, ila ni wa mtu aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili watu wazima, na hauwezi kubeba nyumba: ni wa mazishi, ulezi wa watoto wadogo na zawadi ndogo. Mgonjwa akipona, baada ya miezi mitatu maneno yale hayana nguvu tena.

Hata wosia ulioandikwa vizuri hauwezi kugusa robo tatu ya watoto. Baba akiandika kwamba lupango lote ni la kifungua mimba, wengine wataomba fungu lao na watalipata. Kumnyima mtoto kwa sababu alihama kanisa au alioa kabila lingine hakukubaliki. Sababu zinazomtoa mtu katika urithi ni nzito, kama kuhukumiwa kwa kumuua marehemu kwa makusudi, kukataa kumtunza katika ugonjwa wake wa mwisho, au kuharibu wosia wake.

Inabaki ardhi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, kinachothibitisha haki ya mtu juu ya lupango ni certificat d'enregistrement, yaani hati ya ardhi iliyosajiliwa. Livret de logeur ya babu, kile kijitabu cha zamani cha mwenye nyumba, haitoshi, wala karatasi ya mkubwa wa kartie, yaani mtaa. Njia ni hii: cheti cha kifo, msimamizi kuthibitishwa na mahakama, kisha ordonnance d'investiture, yaani amri ya kuwatambua warithi, kutoka mahakama ya Tribunal de Grande Instance, mwisho kwa konsevateri wa hati za ardhi, hati mpya itoke kwa majina ya warithi wote. Hapo kwenye majina ndipo pa kukazia macho. Ndugu mmoja akijiandikisha peke yake, na wengine wakakaa kimya kwa heshima ya mkubwa, hati ile ikitimiza miaka 2 haiwezi tena kupingwa. Mnaweza kumshtaki alipe fidia, lakini lupango lenyewe limekwenda. Anayesikia tetesi kwamba hati inatengenezwa asingoje mkutano wa jamaa wa mwisho wa mwaka: apeleke barua ya kupinga kwa konsevateri wiki hiyo hiyo, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa aihifadhi nje ya nyumba yenye ugomvi.

Mwanasheria, komini ya Kampemba, Lubumbashi