Barua ya wazi: Mheshimiwa, tuwekee vigingi vya mpaka wa mto kwanza

Kwako Mheshimiwa mwenye dhamana ya mito na misitu,

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako, tunakuandikia sisi wa vitalu vya miche na mashamba ya kando ya mto Sabaki, Malindi, kuanzia Lango Baya hadi mlango wa mto. Tumenyamaza misimu kadhaa tukidhani atakayekuja kupanda miti safari nyingine atatuuliza. Hakuuliza. Juzi lori limekuja tena, hotuba zimesomwa, picha zimepigwa, na miche imeachwa kwenye mchanga hatua chache kutoka majini. Twashukuru kwa soda.

Bango la mradi lilichimbiwa shimo la kufika gotini, likamwagiwa saruji. Miche ilichimbiwa mashimo ya kiganja. Apitaye leo ataona mwenyewe ni kipi kilichopandwa kwa dhati.

Tumeng'oa michache kuangalia: bado imo ndani ya karatasi zake za nailoni. Mzizi uliofungiwa humo hauendi chini, huzunguka humo kwa humo hadi ukajisonga, na mti ukibahatika kuishi miaka miwili mitatu hulazwa na upepo wa kusi. Karatasi huchanwa ubavuni kwa wembe, mizizi iliyojikunja chini ikapunguzwa, ndipo mche ushuke. Shimo liwe sentimita 45 kwa 45, na kina vivyo hivyo. Udongo wa juu uwekwe kando na wa chini kando, kisha ule wa juu utangulie kurudi shimoni, kwa kuwa ndio wenye rutuba. Mche uwe umepunguziwa maji kitaluni wiki tatu au nne ili ukomae kwa jua. Majani makavu ya kutandaza yasiguse shina. Mchwa wa huku hawahitaji mwaliko.

Na msimu je? Tarehe 13 Novemba 2023 Kenya nzima ilipewa mapumziko ikapande miti, katika ile ahadi ya miti bilioni 15 kufikia 2032. Huko bara huenda tarehe hiyo inafaa. Hapa Malindi mvua ya kutegemewa ni masika. Mche wa vuli hukutana na jua la kaskazi, Januari hadi Machi, mizizi ikiwa haijafika penye unyevu. Wa kuumwagilia ni nani? Hilo halikuwamo kwenye hotuba.

Mheshimiwa, kazi ya msitu kwa mto iko chini ya ardhi zaidi ya juu. Majani hupunguza kishindo cha matone, yaliyoanguka huyazuia maji yasikimbie, na mizizi huyafungulia njia yazame, yaje yatoke polepole wakati wa kiangazi. Palipo uchi, mvua ya saa moja huteremka yote kwa mpigo na udongo wake. Ndiyo maana ghuba yetu hugeuka rangi ya tofali, na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968 yakafikiwa na tope. Ila mgala muue na haki yake mpe: sehemu kubwa ya tope hilo haitoki kwetu. Athi inaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, inakutana na Tsavo ikawa Galana, kisha inatufikia ikiitwa Sabaki. Basi asije mtu akatuahidi maji meupe kwa miche ya ukingo wa Malindi peke yake. Tuwezalo huku ni kuushika ukingo usimeguke, na si dogo, maana visima vya Baricho vilivyo kando ya mto huu vinanywesha Malindi, Kilifi hadi Mombasa.

Ukingo haushikwi na mti wowote tu. Mvinje ni pesa, hatukatai, lakini chini yake hapaoti kitu, na ukishakatwa nguzo mnabaki na mchanga mtupu. Mkalitusi usisogezwe kabisa karibu na maji. Karibu na maji yakae matete na mikoma. Nyuma yake mkuyu, ambao hata kitalu hauhitaji: tawi la unene wa mkono husimikwa kwenye udongo wenye unyevu, likashika. Juu kabisa ya ukingo mkwaju na mgunga. Kule mlangoni mwa mto ni mikoko, tena mchu, mmoja wa mikoko, ndio uanze, si kila kinachoelea kichomekwe topeni. Na mikoko nayo hufa ikifukiwa: ile ya Mwache, Mombasa, iliangamia baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kuleta tope likaziba mizizi ya kupumulia.

Haya yote tungeyafanya wenyewe. Tusiloweza ni mpaka. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaja ukanda wa kuachwa bila kulimwa wa mita 6 hadi 30 kila upande, kupimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Mstari huo unapita wapi hapa kwetu? Tuliahidiwa mpima ardhi. Pengine bado anatafuta njia. Hivyo shamba la matikiti linafika ukingoni kabisa mwa maji, pampu ya petroli inakaa palipopaswa kuwa na mkuyu, malori ya mchanga yanakata ukingo kutengeneza njia, ng'ombe wanateremkia popote. Usiku kiboko anamalizia, naye hasomi bango. Mche uliopandwa pasipo mpaka hauna mwenyewe.

Vigingi vya zege, Mheshimiwa, kila baada ya mita 50, na njia za mifugo zilizoachwa wazi kwa makubaliano na wafugaji. Kisha walipwe watunzaji kwa miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, si kwa idadi iliyoshushwa kutoka kwenye lori. Kama fedha ni chache, acha hilo la malipo. Acha hata miche, vitalu vyetu vinayo. Tuletee mpima ardhi na vigingi kabla ya masika yajayo.

Wako kwa heshima, tukisubiri,

Wakulima na watunza vitalu wa kando ya Sabaki