Barua kwa mwanangu: angalia chemba

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ndiye aliyeniambia kwamba wale wa karakana ya silaha wamekukubali na unaanza Jumatatu. Ningependa kuyasikia kwako, lakini hayo tuyaache. Hongera.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi. Mteja atakuwekea bastola mezani aseme haina kitu. Usimwamini. Chomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, vuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha pitisha ncha ya kidole. Magazini kutoka si kusema bastola ni tupu. Risasi moja yaweza kuwa imelala chembani, na ndiyo hiyo inayoua mafundi. Ukienda kunywa chai ukarudi, angalia tena. Hata fundi mkuu akikukabidhi kwa mkono wake, angalia mbele yake. Akinuna, na anune.

Mkono unao, sibishi. Tupa yako hunyooka kuliko yangu. Ila una pupa na msasa. Ile bastola M1911 aliyoibuni John Browning jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911, na ikikujia ya zamani hizo usiing'arishe kama sufuria. Kingo zikiviringika na maandishi ya kiwandani yakififia, thamani imekwenda, hairudi. Namba yake ya usajili ndiyo usiiguse kabisa, usije ukajitia jela.

Kuipaka bastola weusi kwa kutu nako kunataka subira, na subira hukuirithi kwangu. Ondoa mafuta yote, usiguse chuma kwa vidole vitupu, paka dawa ya kutia kutu, ngoja kutu nyekundu itokee, chemsha katika maji safi mpaka igeuke nyeusi, sugua kwa brashi laini, rudia. Awamu ya kwanza huwa na madoadoa. Usihamaki ukaipiga msasa! Weusi hukolea kwa kurudia.

Wengi watataka kifyatulio chepesi kupita kiasi kwa sababu rafiki yao anacho. Wakatalie. Ukimaliza kukirekebisha cha M1911, na chemba umeiangalia, vuta nyundo nyuma ikae, weka kizuizi cha usalama, shika mpini barabara, bana kifyatulio, achia, kisha ondoa kizuizi. Nyundo isianguke. Halafu isogeze karibu na sikio, irudishe nyundo nyuma zaidi taratibu. Ukisikia "tik", ujue kile kijino kinachoishika kilisogea, na kizuizi hakifanyi kazi yake. Bastola hiyo haitoki karakanani, hata mteja awe amesimama mlangoni.

Miwani yako ya kinga umeiacha juu ya jiliwa. Nitaituma na mama yako, maana kuja mwenyewe utasema nakuchunga. Anauliza pia kama blanketi lake jipya limeondoka na mizigo yako.

Ufunguo wa kabati la silaha mdogo wako anasema unao wewe, nawe ulisema anao yeye. Tafuta mifukoni unijibu leo hii, kabati siwezi kuliacha hivyo. Na chemba, mwanangu. Kila mara.

Baba yako