Vioo vya zamani vihame na waumini wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kanisa linapokuwa dogo kwa waumini wake na ujenzi mpya ukapangwa, fikira zote huenda kwenye saruji na vipaza sauti, na vioo vya rangi vya jengo la zamani huachiwa mafundi wa kubomoa. Mimi si Mkristo, lakini nimekulia Mji Mkongwe, ambako vioo vyekundu na buluu vimo hata juu ya madirisha ya nyumba zetu, na dirisha la kumkumbuka David Livingstone katika kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, nalihesabu kuwa ni la mji mzima.

Dirisha la aina hiyo ni vipande vingi vilivyoshikwa na mikanda ya madini ya risasi, na sura za watu huchorwa juu ya kioo kisha zikachomwa tanurini. Kinachochoka mwanzo ni risasi, ambayo hupinda kwa joto na uzito, pamoja na vyuma vya kulishikilia, ambavyo kwa hewa yetu ya chumvi hushika kutu, vikavimba na kupasua jiwe na kioo. Fundi wa alumini akiziba nyufa hizo kwa silikoni, humtia tabu tu atakayekuja kulitengeneza.

Marekani wako waumini waliohamia kanisa la kisasa pamoja na madirisha yao. Dirisha hupigwa picha, kila sehemu ikapewa nambari, na sehemu hizo husafirishwa zikiwa zimesimama, kwani zikilazwa huweza kupinda na kuvunjika. Kwenye jengo jipya hupachikwa nyuma ya kioo cheupe cha kuzuia mvua, chenye tundu za hewa chini na juu ili unyevu usikwame katikati. Pasipo na jua huwekwa taa nyuma yake. Mimi siipendi, maana haijui asubuhi wala alasiri, lakini ni afadhali kuliko stoo.

Ninachoomba ni kwamba madirisha ya zamani yapimwe kabla ya michoro ya kanisa jipya kupitishwa, kwa sababu zege likishamwagwa nafasi haiongezeki. Vyuo vyetu vya amali navyo vifundishe kazi ya vioo na risasi, kwa tahadhari ya sumu yake, na wanafunzi waanze kwa kutengeneza vioo vya nyumba za Mji Mkongwe.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Zanzibar