Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu: madumu ya watoto yatolewe stoo

Ndugu Afisa Elimu (Msingi),

YAH: KIPINDI CHA MUZIKI CHA DARASA LA TATU KILICHOONDOLEWA KWENYE RATIBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi mwalimu mstaafu ninayejitolea kufundisha kipindi hicho. Kwa umri wewe ni wa kuniamkia, lakini kwa cheo ni kiongozi wangu, ndiyo maana nilianza na barua za kawaida. Niliandika tatu. Ya kwanza nilimkabidhi katibu muhtasi wako mkononi, akaigonga muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Sikujibiwa hata moja. Ningeendelea kusubiri, isingekuwa Jumanne iliyopita.

Jumanne hiyo, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa na watoto 64 wa darasa la tatu chini ya mjakaranda. Tulikuwa kwenye mchezo wa nyama. Unaujua, bila shaka umeucheza: mmoja anaita "nyama, nyama, nyama", anataja mnyama, wenzake wanaruka na kuitikia, akitaja asiyeliwa, aliyeruka anatoka. Mimi nimeongeza sheria moja. Watoto wanapiga paja, kofi, paja, kofi, na itikio sharti liangukie kwenye kofi. Ukiwahi au ukichelewa, umetoka, hata kama ametajwa ng'ombe. Wiki za mwanzo walikuwa wanatoka karibu wote. Jumanne hiyo tulifika raundi ya saba na duara bado limejaa. Nikataja punda. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyeitika, na mapigo hayakuyumba: paja, kofi, paja, kofi, vinywa 64 vimefungwa. Kunyamaza pamoja ndani ya mapigo ni kazi ngumu kuliko kuimba. Nilikuwa nakitafuta kimya kile tangu shule zifunguliwe.

Kikavunjwa na honi ya gari la ofisi yako.

Afisa aliyeshuka hakunisalimia. Aliuliza kwa nini watoto wako nje wanapiga kelele wakati darasa la nne linajiandaa na upimaji wa kitaifa. Nikamweleza kwamba hiki ni kipindi, kimo kwenye ratiba, ni Sanaa na Michezo. Akasema michezo ni jioni. Madumu manne tunayoyapiga kama ngoma, njuga zote na chupa zangu za maji vikabebwa na mlinzi hadi stoo, watoto wanaangalia. Mchana mwalimu mkuu akaniita, akaniambia kipindi kitatumika kwa mazoezi ya Hisabati, darasa la tatu waanze kuandaliwa mapema. Simlaumu. Alikuwa anaiangalia meza muda wote anaongea.

Sasa nikukumbushe mambo mawili. La kwanza, Sanaa na Michezo si hisani ya bibi mstaafu. Ni somo, limo kwenye mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, na darasa la tatu lilikuwa miongoni mwa madarasa yaliyotangulia. Kabla yake tulikuwa na Haiba na Michezo, nami naujua mwisho wake kwa sababu nilikuwepo. Kikifika kipindi, mwalimu anasahihisha madaftari na watoto wanapewa mpira mmoja. Nilifanya hivyo miaka mingi, na linaniuma mpaka leo. Nisingependa kulishuhudia mara ya pili.

La pili ni ahadi yako. Mahafali ya darasa la saba, mwaka juzi, watoto hawa hawa wakiwa darasa la kwanza walikupokea getini kwa njuga za vizibo vya soda. Ulichukua moja ukaitikisa. Ukasema kwenye kipaza sauti kwamba ifikapo Januari shule itapata ngoma sita, na mwalimu mmoja atapelekwa semina ya muziki. Wazazi walipiga vigelegele. Januari ile ilipita, na ya mwaka huu nayo imepita. Njuga uliyoitikisa ni mojawapo ya zilizofungiwa stoo.

Pengine hujapata nafasi ya kuona dakika 40 hizo zinavyotumika. Sina kinanda. Sauti za solfa, yaani do, re, mi, zile zile wanazosoma wanakwaya wetu siku za mazoezi, nafundisha kwa kuigiza kupanda Mlima Kilimanjaro, kituo kwa kituo. Lango la Marangu ni do: mtoto anachuchumaa, kiganja chini. Mandara, mita 2,720, ni mi: kiganja kiunoni. Horombo, mita 3,720, ni so: begani. Uhuru, kileleni, mita 5,895, ni do ya juu: mikono hewani na kuruka. Naimba sauti tupu bila maneno, wao wanaonyesha tumefika kituo gani. Halafu nanyamaza, naonyesha kwa mkono, wao ndio wanaimba. Baadhi ya baba zao ni wapagazi, kwa hiyo njia wanaijua kuliko mimi. Mmoja alinyoosha kidole akaniambia, "Mwalimu, umeruka Kibo. Huwezi kutoka Horombo ukafika juu bila kupita Kibo." Akataka Kibo nayo ipewe sauti yake. Tukaipa la. Mtoto wa miaka minane amesikia kwa sikio lake kwamba kati ya so na do ya juu pana mahali pa kukanyaga, akadai pajazwe. Niambie ni zoezi gani la ubaoni lingemfikisha hapo.

Yupo mwenzao mwenye kigugumizi. Akisimamishwa kusoma anakwama kwenye silabi ya kwanza mpaka wengine wanacheka. Kwenye mchezo wa majina kila mtu hutaja jina lake juu ya mapigo, silabi kwa kofi. Zamu yake ilipofika, alitaja lake na la baba yake bila kukwama. Si muujiza, kigugumizi mara nyingi hulegea mtu anapoimba au anapofuata mapigo. Lakini mama yake alikuja shuleni kuniuliza nimempa dawa gani. Na kama hoja ni kusoma, basi ma-ha-ra-ge ni makofi manne na nda-ma ni mawili. Huko ndiko kusoma kunakoanzia, masikioni, kabla ya kitabu. Haraka na polepole nawafundisha kwa treni inayoingia stesheni ya Moshi. Yote ni michezo, na yote ni masomo.

Sikuyaanzisha mimi. Zoltán Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, alishikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo na michezo ya kwao. Mwaka 1950, katika mji alikozaliwa wa Kecskemét, ilianzishwa shule ya msingi ambayo watoto wake waliimba kila siku ya masomo. Kila siku, Ndugu Afisa. Mimi naomba Jumanne. Wala wataalamu hawako mbali: hapo Makumira, njia ya Arusha, chuo kikuu kinatoa shahada ya muziki. Semina uliyoahidi ni ya nauli ya Kosta tu.

Nimejiuliza sana sababu ni nini. Pengine unabanwa na walio juu yako kuhusu ufaulu. Pengine ni fedha, maana ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu, haiwezi kununua chaki na ngoma pia. Hilo naliona. Nimesikia pia maneno kwamba nawafundisha watoto wa watu kwaya ya kanisa langu. Anayesema hivyo aje asimame kwenye duara. Wamo watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, wameshikana mikono, wanapanda mlima.

Kama ni fedha, sijakugharimu kitu. Madumu nilinunua Mbuyuni kwa pensheni yangu. Vizibo niliokota baa hadi baa, mwanamke wa miaka 63 nimeinama chini ya meza za wanywaji, kisha usiku naviponda kwa nyundo na kuvitoboa kwa msumari. Kidole gumba cha kushoto kina kovu. Napanda Hiace mbili kwenda na mbili kurudi, magoti yananiuma, na sijawahi kuomba hata nauli. Siombi leo.

Ngoma sita nazidai, kwa kuwa uliahidi mbele ya watoto. Mwalimu wa kwenda semina naye namdai, kwa kuwa mimi sitakuwepo siku zote. Lakini ukiona ni mzigo, ngoma ziache. Na semina iache. Rudisha kipindi. Ni dakika 40 za Jumanne, ambazo mtaala umeshazitoa, hata si zako wala zangu. Na kama kipindi nacho kinasubiri kikao, basi leo fungua stoo. Madumu yale si mali ya halmashauri.

Juzi Ijumaa nilipita shuleni kuchukua mwavuli niliousahau. Darasa la tatu walikuwa kwenye zoezi la Hisabati. Yule mtoto wa mpagazi anakaa dirishani, akaniona. Hakunipungia. Aliweka kiganja juu ya dawati, akakipeleka begani, halafu akainua mkono juu, taratibu, mwalimu wake asimwone, akabaki ananiangalia. Nilikuwa hatua tatu kutoka dirishani na sikuweza kumwimbia, maana ningeambiwa napiga kelele.

Ufunguo wa stoo anao mlinzi. Jumanne saa nne na nusu nitakuwa chini ya mjakaranda. Naomba umpigie simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Moshi