Kwako binti wa shangazi: Haboba hakuwa mpole

Binti wa shangazi mpendwa,

Asalaam aleikum. Niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia, lakini tangu arobaini ya Haboba, mama wa bibi yetu, sijatulia. Wasifu uliotusomea siku ile ulikuwa umeandikwa vizuri, na mama yako alilia. Ila pale ulipofika kwenye maneno "mwanamke mpole, mtiifu, asiyeinua sauti," wazee wa kike niliokaa nao mkekani walijifunika gurbaba zao, nguo za Kinubi, usoni na kucheka mpaka mabega yakatikisika. Sikulaumu, kwa kuwa ulilelewa mbali na mji wetu wa Bombo, Uganda, na ulimkuta akiwa ameshaishiwa nguvu za kugombana. Lakini wasifu ulisomwa mbele ya watu, kwa hiyo nami nakujibu mbele ya watu.

Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Yeye alihesabu kwamba askari wa Bombo walipopelekwa kupigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ameshaanza kubeba mtungi. Unajua sisi Wanubi ni uzao wa askari wa Kisudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, wale walioletwa Buganda na ofisa Mwingereza Lugard mwaka 1891, na katika maisha ya kambini mwanamke alikunja mkeka wake kila mumewe alipohamishwa. Babu mkuu alipoamriwa kwenda Jinja, mizigo ilifungwa, gari likaja, na Haboba akabaki ameketi kizingitini. Alipotumiwa mtu wa kumwita alijibu: "Mwambieni, serikali imemhamisha yeye, haikunihamisha mimi." Babu aliondoka peke yake, akawa anarudi wakati wa likizo, na watoto wanne walizaliwa kwa mpango huo.

Kilichomshikilia Bombo ni kawa, vile vifuniko vya chakula. Aliusuka ukindu uliochemshwa na rangi, nyekundu, kijani na zambarau, na kwa kuwa hakuwa na subira ya kuinuka kufuata bakuli la maji, aliulainisha kwa mate, akiuvuta katikati ya midomo kabla ya kuupitisha kwenye tundu la sindano. Midomo yake ilikuwa ya zambarau wiki nzima, na watoto wa jirani walimwogopa kwa sababu hiyo. Kawa zile alizipeleka Kampala mwenyewe. Nyumbani alisema Kinubi na Kiswahili, lakini bei aliitaja kwa Kiganda, maana aliamini kwamba mnunuzi hukupunja katika lugha usiyoijua vizuri.

Kwa fedha hizo alinunua kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye kipande cha ardhi ya mwenyewe mwingine, kwa jina lake, wakati ambapo shemeji zake walishauri kiandikwe kwa jina la mwanawe wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Kila mwaka alimlipa mwenye ardhi busuulu, yaani kodi ya kibanja, na kila stakabadhi aliiweka katika mkebe wa maziwa ya unga. Amri ya ardhi ya mwaka 1975 ilipotangaza kwamba ardhi yote ni ya umma, watu waliona karatasi zile hazina kazi tena. Yeye alifunga mkebe kwa uzi. Aprili 1979 Kampala ilipoanguka na kila Mnubi akahesabiwa kuwa mtu wa Idi Amin, rais aliyepinduliwa, familia ilikimbilia Sudan. Sufuria ziliachwa jikoni, mkebe ukavuka mpaka.

Waliporudi baada ya vita vya 1986, walikuta migomba ya mtu mwingine imeshazaa. Haboba alikwenda mbele ya baraza la mtaa, akatandika kanga chini na kupanga stakabadhi moja moja kwa mwaka, kama mtu anayepanga karata, wala hakusema neno mpaka alipomaliza. Alirudishiwa kibanja chote isipokuwa kona yenye mparachichi, ambayo aliidai hadi alipokufa. Mwaka uliofuata serikali ilibadilisha noti, shilingi mia za zamani kwa moja mpya, ikakata na asilimia 30 juu yake. Mtaa mzima uliomboleza. Haboba alikuwa ameshageuza fedha zake zote kuwa mbuzi, ingawa mbuzi hao, ni lazima niseme, walimlia ukindu wa miezi miwili.

Sisemi alikuwa rahisi. Bibi yetu, binti yake wa kwanza, alikaa miaka mitatu bila kusemeshwa kwa sababu ya kuolewa bila kuuliza, na nadhani hapo Haboba alikosea, kwa kuwa alimnyima mwanawe uhuru uleule aliojipa mwenyewe. Hilo nalo lingefaa kuwamo katika wasifu.

Mkebe uko kwangu, na uzi ni ule ule. Nakusubiri uje tuufungue pamoja, na usikawie, maana jirani ameshaniuliza kwa upole kama suala la mparachichi limekwisha sasa, nami nimemjibu kwamba bado.

Wako,
mtoto wa mjomba wako