Timu haijengwi kwa tishati

Mhariri, salamu kutoka Amu, yaani Lamu.

Mimi ni mtu wa stoo kwenye taasisi moja ya umma hapa kisiwani, jina naliacha maana bado natafuta riziki hapo. Nina miaka 11 kazini, nishapitia mabosi wanne, kwa hivyo haya mambo ya kujenga timu nayajua kwa kuyala si kwa kuyasoma.

Bosi wa tatu alikuja na tim-bilding. Tukapandishwa boti mpaka Mokowe, kisha basi mpaka Malindi, hoteli ya ufuoni siku mbili, tukavuta kamba, tukarukaruka ndani ya magunia watu wazima na mvi zetu, tukapewa na tishati za manjano zimeandikwa SISI NI KITU KIMOJA. Chakula sikatai kilikuwa kizuri. Tumerudi, Jumatatu hiyo hiyo boti ya kazi ikazima katikati ya mkondo watu tisa ndani, tukaja kuvutwa na wavuvi. Kapteni alikuwa ashasema wiki mbili nyuma kuwa pampu imechoka, lakini alimwambia nani? Mkutanoni haitwi, yeye eti ni wa chini. Na bosi kupigiwa simu tu, swali la kwanza, kosa la nani? Tishati yangu sai kapteni anafutia oili.

Hapa kwetu mtu akitaka kuiona timu aende pwani siku ya mashindano ya majahazi. Nahodha yuko nyuma na usukani wake, lakini chombo kikibisha, yaani kikigeuza upande kukabili upepo, na foromali, ule mti unaoshika tanga, ikihamishwa, kila mtu ahame upande na magunia ya mchanga, mmoja akizubaa mumelala majini nyote. Na yule kijana wa kufua maji, kuyatoa chomboni, ambaye ata kombe likitolewa hatajwi, siku akinyamaza kuwa maji yamezidi nahodha awe hodari vipi hafiki.

Bosi wa sasa ni mwanamke, na alipofika hakuitisha mkutano. Alizunguka. Akaja stoo akakaa juu ya katoni akaniuliza, "Mzee wangu, kitu gani hapa kinakukera kila siku?" Nikamwambia sahihi tatu za kutoa rimu moja ya karatasi. Sasa ni moja. Kapteni naye yuko kwenye kikao cha kila Jumatatu. Si malaika, kabla ya kahawa usimsogelee, lakini wakubwa walipokuja kutoka Nairobi wakauliza hesabu imekosewa na nani, bosi alisema, "Ni mimi," kumbe sisi tunamjua aliyekosea, na huyo aliyekosea tangu siku hiyo anafika ofisini kabla ya mlinzi hajafungua geti, wallahi.

Vijana barazani hawachoki kumsifu Ferguson, yule kocha wa mpira. Haya, aliingia Manchester United 1986, ligi yake ya kwanza pale akaishika 1993. Angekuwa huku kwetu angeshapewa barua ya uhamisho mara tatu! Huyu bosi wetu ana miezi 14 tu na tushaanza kunusa kuwa anahamishwa. Nawaomba wahusika wamwache kwanza.

Na kama pesa za hoteli zipo tena mwaka huu, kapteni anadai ovataimu tangu Ramadhani, waanzie hapo.

Mtu wa Stoo,
Mkomani, Lamu