Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Msingi: darasa la nne halijajua kutoa

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: SOMO LA HISABATI DARASA LA NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachuo wa stashahada ya ualimu. Nimemaliza mafunzo kwa vitendo katika mojawapo ya shule zako zilizo mbali na lami, huku kwenye pamba na mtama. Jina la shule naliacha, maana ninayoyaandika si ya shule moja, na Mwalimu Mkuu alinipokea vizuri mno.

Nilipewa hisabati darasa la nne: watoto 112, chumba kimoja. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini hilo unalijua kuliko mimi na sitalipigia kelele hapa. Kipindi ni dakika 40. Ukizigawa kwa watoto hao, kila mmoja anapata sekunde 21 na ushee, hapo hujafuta ubao.

Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kila wiki, lilitaka nianze mada ya sehemu (nusu, robo na kadhalika). Kabla ya kuanza nikawapa maswali machache ya kutoa, nione walipo. Mojawapo lilikuwa 402 kutoa 178. Jibu ni 224. Karibu nusu ya madaftari yalikuja na 376. Nikadhani wametazamiana, nikamwita binti mmoja mezani anieleze alivyofanya.

"Mwalimu, mbili toa nane haiwezekani, kwa hiyo nane toa mbili, sita. Sifuri toa saba haiwezekani, saba toa sifuri, saba. Nne toa moja, tatu."

Hakubahatisha. Ana kanuni yake, kwamba tarakimu ndogo itoke kwenye kubwa popote zilipokaa, na anaifuata bila kukosea hatua. Ukimwekea eksi nyekundu hujamwambia lolote kuhusu kanuni hiyo, na kesho ataileta tena. Wengine walijaribu kukopa, wakafika kwenye sifuri ya makumi wakakwama, maana sifuri haina cha kukopesha. Jedwali la kuzidisha ndiyo usiseme: wanaliimba kuanzia juu hadi chini, lakini ukiuliza saba mara sita ghafla, mtoto anarudi kuanzia saba mara moja.

Binti huyohuyo huuza karanga mnadani. Nilinunua makopo matatu, mia sita kila moja, nikampa noti ya 5,000. Akanihesabia chenji mkononi: akaweka mia mbili akasema "elfu mbili hiyo", kisha noti za elfu moja moja, "tatu, nne, tano". Shilingi 3,200, sahihi, bila kalamu. Jumatatu nikaiandika njia yake ubaoni. Kutoka 178 kufika 180 ni 2, kufika 200 ni 20, kufika 402 ni 202. Jumlisha. Waliopata 224 waliongezeka siku ileile, wakiwemo wawili ambao hawakuwahi kunyoosha mkono.

Basi kwa nini sikuendelea hivyo wiki nzima? Kwa sababu andalio la somo lazima lifuate azimio, na azimio lilikuwa limeshavuka. Mwalimu mwenye somo, ambaye anajua haya yote kuliko mimi, aliniambia wazi kwamba ukirudi nyuma utaulizwa mada iko wapi. Anayekuja kukagua hulinganisha wiki na mada, na daftari la mtoto hulifungua akipata nafasi. Kwa hiyo tunaingia kwenye sehemu na watoto wasiojua kutoa, upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unawakuta hivyo, na wakifika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambako maswali mengi ni ya kuchagua, ile 376 itakuwa imewekwa palepale kati ya majibu ikiwasubiri.

Ninachoomba ni kibali cha maandishi. Maneno ya kikaoni hayamlindi Mwalimu Mkuu. Mgeni akifika anataka kuona karatasi. Kibali hicho kiruhusu madarasa ya tatu, nne na tano yasome hisabati kwa wakati mmoja, kipindi cha kwanza, na watoto wapangwe kwa wanachojua badala ya darasa walilomo: wasiotofautisha mamoja, makumi na mamia chumba kimoja, wanaokwama kwenye kukopa kingine, wanaoweza kuendelea waendelee. Walimu watatu, vyumba vitatu, vizibo vya soda na vijiti. Haihitaji kugusa zile shilingi 10,000 za ruzuku kwa mtoto kwa mwaka, ambazo hata hivyo 6,000 tu ndizo zinazopangiwa kufika shuleni. Si jambo la kubuni: shirika la Pratham limelifanya India miaka mingi, na Zambia wamelichukua.

Wathibiti ubora, wale wanaokuja kukagua shule, hawako chini yako, najua, ila mnafahamiana. Ukikaa na Mthibiti Mkuu wa wilaya mkakubaliana kwamba kipindi hicho hakitahesabiwa kuwa nje ya mada, nusu ya woga wa walimu itaisha. Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) navyo vingefaa zaidi kama walimu wangekuja na madaftari ya watoto, wakae nusu saa wakitafuta kanuni iliyozaa kila kosa, badala ya kusomeana moduli.

Na wanachuo tukiletwa, tutumieni hapo. Sasa hivi tunaachiwa darasa zima ili mwenye somo apumue (simlaumu, ana madarasa mengine matatu), tukiondoka pengo linabaki lilelile.

Nimehifadhi picha za kurasa za madaftari, majina yamefunikwa. Ukinipa siku nitazileta ofisini, pamoja na mwalimu mwenye somo kama utamruhusu kuondoka kituoni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanachuo, stashahada ya ualimu